Rubani Aliyecheka

Dilala, Kolwezi, tarehe 14 Machi 2025

Kwa Mama Domitille, Tenke.

Mama, nakusalimia kwa heshima. Hunijui. Jina langu ni Bilkisi. Aruna, anayekuletea barua hii, ni dereva wa malori ya wakwe zangu. Siku moja alisimama Tenke kununua mikate, akamsikia mama mmoja karibu na gare, kituo cha treni, akisema kwamba zamani alifanya kazi Photo Lukusa, studio ya picha ya hapa Kolwezi. Mama huyo ni wewe.

Nina picha tano. Nilizinunua Lubumbashi kwa mzee anayeuza karatasi kuukuu kando ya posta. Nyuma ya kila moja kuna muhuri wa Photo Lukusa na maneno mawili ya wino: Luteni Muamba. Ni rubani wa ndege ya vita, na ni picha za mwaka 1978, vita ile ya siku sita, waasi walipoiteka Kolwezi. Nimeandika juu yake kazi yangu ya mwisho ya chuo, ile tunayoita mémoire, kurasa themanini na nne, na profesa ameirudisha. Anasema nimeeleza vizuri mwanga na nguo, lakini sijui ni nani aliyepiga picha hizi, wala zilipigwa kwa sababu gani. Anataka shahidi aliye hai, kwa jina lake na sahihi yake, ifikapo tarehe 31 Mei.

Ningekuja mwenyewe, lakini siwezi. Mume wangu, Baraka, alifariki tarehe 10 Februari. Lori lilipinduka naye kwenye barabara ya Likasi. Nimekaa eda nyumbani kwa wakwe, miezi minne na siku kumi, hadi tarehe 17 Juni. Sitoki malangoni. Simu yangu anayo mama mkwe, ananitunzia mpaka siku ziishe.

Naweka fotokopi za picha zote tano. Chochote unachokumbuka, mama, hata kidogo, niandikie.

Wako kwa heshima,
Bilkisi


Tenke, 22 Machi 2025

Bilkisi,

Barua yako ilifika. Pole sana kwa bwana yako. Mi pia niko mujane, miaka kumi na mbili sasa.

Lakini nikuulize kitu: mujane wa mwezi moja, eko mu nyumba ya wakwe, na anatafuta habari ya mwanaume mwingine mu picha? Usikasirike, minacheka tu. Huku Tenke tunakula vumbi ya malori yenu asubui na mangaribi. Kama hatucheke tutakufa.

Ndiyo, nilitumika kwa Tata Lukusa, miaka mbili. Nilikuwa nasafisha picha mu maji na kuzianika ku kamba. Kupiga, hapana. Kupiga ilikuwa kazi yake. Tulikuwa bawili tu mu studio, yeye na mi.

Fotokopi yako ni nyeusi kama chungu. Niambie kwa maneno nini iko mu kila picha. Nani anasimama wapi, mikono iko wapi, jua inatoka wapi. Usiruke kitu.

Na uniambie kweli: huyu shahidi unamutafuta ya nini? Mutu halie vile juu ya karatasi ya chuo. Inasikika mu barua yako.

Mama Domitille


Dilala, tarehe 3 Aprili 2025

Mama Domitille,

Ulinichekesha, na mama mkwe akaja mbio kuuliza mjane anacheka nini. Nikamwambia nilikuwa nakohoa. Akaniletea dawa ya kikohozi, nikainywa.

Umeomba kweli. Baraka ana kaka mkubwa, Moussa. Ana mke mmoja na watoto watatu, na hapa nyumbani neno lake ndilo linalofuata la baba. Siku ya arobaini ya Baraka niliwasikia wazee sebuleni wakisema kwamba mjane wa umri wangu asiachwe kutoka nje ya ukoo. Eda ikiisha, Moussa atanichukua. Hakuna aliyeniuliza. Hawanipigi wala hawanitukani. Wananiita binti yetu, wananiletea chai, na kila siku chumba hiki kinazidi kuwa kidogo. Baba yangu hayupo tena. Mama yangu yuko Kasongo, na barabara ya huko unaijua. Chuo kimeniahidi kazi ya kusaidia walimu, na chumba cha kulala, kama mémoire itakubaliwa. Bila shahidi haitakubaliwa. Na bila hiyo, mama, ni Moussa.

Sasa picha. Ya kwanza: rubani yuko juu ya ngazi ya ndege, mkono mmoja umeshika ukingo. Ya pili: amesimama karibu na bawa, kofia yake ngumu mkononi, anacheka. Ya tatu: wanaume watatu wenye bunduki wamemzunguka, mmoja amemwekea mkono begani. Anacheka. Ya nne ni uso peke yake, meno yote nje. Ya tano: amesimama wima, jua linampiga usoni, na chini, mbele yake, kuna doa refu jeusi. Nadhani karatasi iliingia unyevu.

Nimezisoma kama picha za furaha. Kurasa zangu zote zinasema jambo hilo moja: kwamba katikati ya vita ile kulikuwa na mtu mwenye furaha. Labda nilitaka sana awepo. Niambie kama nimekosea.

Bilkisi


Tenke, 15 Aprili 2025

Bilkisi,

Haukukosea. Ni vile batu bote ba Kolwezi banajua. Bale waasi balipokamata uwanja ya ndege, yule luteni akaenda upande yao, akafurahi nabo. Tata Lukusa akabapiga picha, juu fotografa anapiga mwenye kumuita. Kisha askari bengine bakarudisha muji. Balimuua luteni juu ni musaliti. Balimuua Tata Lukusa juu alipiga picha ya musaliti, na muhuri yake ilikuwa nyuma. Njo hivi. Andika.

Lakini jina yangu usiweke. Hii hadithi iko na mwenyewe mu nyumba yangu. Noëlla, mutoto wangu, si wa tumbo yangu. Ni wa Tata Lukusa. Alizaliwa miezi ine nyuma ya kifo ya baba yake. Mama yake, Mbelu, akakufa wakati mutoto eko na miaka kumi na moja, nikamuchukua. Leo ni mwalimu ya batoto badogo, na yeye njo ananipikia. Sitaki mutu akuye kumuuliza maulizo juu ya ile siku.

Huyu Moussa, anakunywa? Anapiga bibi yake? Kama hapana, fikiria vizuri. Mi niliolewa na mutu ya gare, sikumupenda hata kidogo, na miaka ilipita. Inapitaka.

Mama Domitille


Dilala, tarehe 28 Aprili 2025

Mama Domitille,

Moussa hanywi wala hapigi. Anaongea nami kupitia mlango, "Bilkisi, unahitaji kitu?" na nikisema hapana anabaki pale, naona miguu yake chini ya mlango. Siku ya Idi alimtuma mama mkwe aniletee kikwembe, yaani kitenge, vitambaa sita, hariri kabisa. Nikasema mjane havai rangi. Mama mkwe akasema, "Nani amesema uvae leo?"

Baba mkwe ana kioo cha kukuzia herufi, anachosomea Kurani. Ninakiazima kila siku baada ya adhuhuri. Nimezirudia picha, moja moja, na nimeona vitu ambavyo kwa miaka miwili sikuviona.

Viatu vya luteni havina kamba. Katika kila picha inayoonyesha miguu, buti ziko wazi, ulimi umelala pembeni. Mkono wa kushoto una alama nyeupe ya saa, na saa haipo. Kiuno hakina mkanda. Na ile kofia naona si yake. Ameishika kama mtu aliyepewa sufuria ya jirani. Hakuna rubani anayepanda ndege na viatu vilivyo wazi, mama. Anayevuliwa kamba, mkanda na saa ni mtu aliyefungwa.

Hakwenda upande wao. Walimkamata, wakamsimamisha mbele ya kamera, na mtu akamfanya acheke. Mwangalie macho katika picha ya nne. Kicheko kiko mdomoni tu.

Nimezichana kurasa zangu thelathini. Sikuwa ninamsoma yeye. Nilikuwa nasoma ninachokitaka mimi.

Kwa hiyo ninakuomba tena, na sasa si kwa ajili yangu peke yangu. Mtu huyu ameitwa msaliti miaka arobaini na saba. Kama ulikuwepo, sema. Sahihi moja tu.

Bilkisi


Tenke, 6 Mei 2025

Bilkisi,

Acha. Mwenye kufa amekufa. Kamba ya viatu hairudishe mutu.

Nilikuambia jina yangu hapana. Aruna akikuya tena nitamuuzia mikate, barua sitapokea.

Domitille


Dilala, tarehe 11 Mei 2025

Mama Domitille,

Nimemwambia Aruna aiache barua hii juu ya kapu la mikate na aondoke.

Hasira yako ndiyo iliyonirudisha kwenye picha ya tano. Lile doa si unyevu. Ni kivuli cha mtu anayepiga picha. Jua lilikuwa nyuma yake, akajisahau, akajipiga mwenyewe chini, mbele ya miguu ya luteni. Viwiko vimetoka nje pande mbili, kwa sababu kamera za wakati ule zilishikwa tumboni na mtu aliangalia kutoka juu. Kichwani kuna kitambaa kilichofungwa, fundo liko upande. Chini, mahali ambapo suruali ingeonyesha miguu miwili, kuna kitu kimoja kipana: kikwembe. Ni mwanamke.

Photo Lukusa ilikuwa na mwanamke mmoja tu, na ni wewe uliyeniandikia hivyo.

Aliyepiga picha hizi ni wewe, mama. Lukusa aliuawa kwa picha ambazo hakuzipiga. Nimeelewa kwa nini hutaki jina lako liandikwe, na kwa nini umemlea binti yake. Labda ulifikiri ni malipo. Uliniambia kupiga haikuwa kazi yako, na nilipokosea ukaniambia sikukosea.

Nina siku ishirini. Siku ile labda ulikuwa msichana wa umri kama wangu, na leo kuna watu wanaonipangia maisha nyuma ya ukuta huu huku wakitikisa vikombe. Wewe unaweza kunitoa kwa sentensi moja, na unachagua kunyamaza. Siwezi kukulazimisha. Nilitaka tu ujue kwamba ninajua.

Bilkisi


Tenke, tarehe 17 Mei 2025

Bilkisi,

Uangalie mwandiko huu. Unaujua. Ni ule ule tangu barua ya kwanza.

Mimi ni Noëlla. Mama haoni. Sukari ilimaliza macho yake miaka mitano iliyopita. Barua zako ninamsomea mimi, kwa sauti, nikirudi shuleni, na majibu yake ninayaandika kama anavyoyasema, bila kusahihisha. Fotokopi zako niliziangalia, sikuona kitu cha kumweleza, ndiyo maana aliomba umwambie kwa maneno. Ulidhani anakupima. Alikuwa anataka kuona.

Barua yako ya tarehe 11 niliisoma kama nyingine. Mwalimu ana ugonjwa mmoja: sauti inatangulia, akili inakuja nyuma. Nilisoma kivuli, nikasoma kitambaa, nikasoma "aliyepiga picha hizi ni wewe, mama", nikasoma jina la baba yangu, nikafika kwenye sahihi yako. Ndipo nikasikia nilichosoma. Mama hakunizuia. Angeweza kusema, basi, Noëlla, nimechoka. Alikaa na mikono juu ya magoti mpaka nikamaliza.

Nilimuuliza swali moja. Akasema ndiyo.

Mimi nilikua nikiitwa mtoto wa fotografa wa waasi. Shuleni walikuwa wananifanyia hivi, jicho moja limefungwa, kidole kinabonyeza: klik! Nilimchukia baba yangu kwa zile picha. Nilikuwa ninafikiri, kama angekataa kazi moja, siku moja, ningekuwa na baba. Na huyu mwanamke alikuwa akinisuka nywele na kunisikiliza.

Siku nne sasa simsemeshi. Ninampikia, ninamwogesha. Akiita ninasema niko hapa. Basi.

Usiandike tena.

Noëlla


Dilala, tarehe 21 Mei 2025

Mama Noëlla,

Uliniambia nisiandike. Ninaandika mara moja tu, na nimemwomba Aruna akupe wewe mkononi, mbali na nyumba.

Sina la kujitetea. Nilihesabu matundu ya kamba kwenye viatu vya mtu wa mwaka 1978, na sikuuliza mkono gani unaniandikia mimi. Ningejua kwamba ni wewe unayesoma, nisingeandika. Hapana, hiyo nayo ni uongo. Ningeandika, lakini kwa upole zaidi, na upole usingebadilisha kitu. Nilitaka kutoka. Nilimpiga mama yako kwa nguvu ya mtu anayetafuta mlango gizani.

Siombi tena sahihi. Tarehe 31 nitamwandikia profesa kwamba shahidi hakupatikana. Msemeshe, nakuomba. Na kama huwezi, sina haki ya kukuomba.

Bilkisi


Tenke, tarehe 26 Mei 2025

Bilkisi,

Barua yako nilimsomea. Nilifikiri mwenyewe njiani, nikaona kwamba kumficha mtu asiyeona ni aibu.

Nilipomaliza akasema, "Leta daftari."

Nikasema, "Ya nini?"

"Ya yule mutoto."

"Yule mtoto amesema basi, mama."

"Yeye amesema basi. Mi sijasema."

Haya ndiyo maneno yake. Mimi nimeandika tu.

"Mi, Domitille, nasema hivi. Siku ya tatu ya vita balikuya ku studio. Tata Lukusa alikuwa analala na malaria, anatetemeka mpaka kitanda inalia. Balisema, tunatafuta fotografa. Mi nikasema, minajua kupiga. Alikuwa amenifundisha, na nilijivuna nayo sana. Balinipeleka ku uwanja ya ndege.

Luteni alikuwa amefungwa mikono. Balimufungua. Mukubwa yao akaniambia, mufanye acheke, batu baone eko pamoja na sisi. Luteni akakataa. Balimupiga mu tumbo. Uso hapana, juu ya picha. Njo nikamukaribia kama vile minatengeneza kola yake, nikamuambia polepole: luteni, ukicheka batakuachilia. Hakuna mutu aliniambia vile. Nilitunga. Nilitaka bamuache kumupiga, na nilitaka pia kazi iishe, nirudie ku nyumba. Akaniangalia. Akasema, dada, ni kweli? Nikasema, ni kweli. Akacheka.

Picha zilibandikwa ku malango ya soko. Balipokimbia, balimuacha muzima. Askari bale balikuya nyuma bakamukuta pale uwanjani, na balikuwa bamekwisha kuona picha. Bakamuua juu ya ile kicheko. Ni mi nilimupa.

Kisha bakakuya ku studio. Bakauliza, nani alipiga hizi? Mi nilikuwa mu chumba ya giza, nyuma ya pazia, mikono mu maji. Tata Lukusa alitoka mu kitanda. Hakuuliza picha gani. Akasema, ni mimi. Kutoka pazia mpaka pale alisimama ni hatua tatu. Nilikuwa na wakati. Hawakumuchukua mara moja, balivunja bitu kwanza, balikunywa maji. Nilikuwa na wakati, na sikutoka.

Kila siku nilisema, Noëlla akikuwa mukubwa nitamuambia. Akakuwa. Nikasema, akiolewa. Akaolewa, akaachika, akarudia kwangu. Nikasema, nikikaribia kufa. Weye njo ulifika mbele ya kifo. Andika jina yangu yote."

Amebonyeza kidole kwa wino wa shule, na mimi nimetia sahihi kama shahidi wa shahidi. Karatasi nyingine iliyokunjwa humu ni hiyo. Itumie.

Ninaomba kitu kimoja. Mahali unapoandika nani alipiga picha, usimwondoe baba yangu kabisa. Andika kwamba hakuzipiga, na andika kwamba alisema ni yeye.

Usiniulize kama nimesamehe. Jana alisema mboga haina chumvi, nikamwambia chumvi ni mbaya kwa sukari yake, akasema basi nitakufa na ulimi mutupu, tukagombana kama zamani. Sijui hiyo inaitwaje.

Noëlla


Kolwezi, tarehe 19 Juni 2025

Yaya Noëlla, dada yangu mkubwa, kama utaniruhusu nikuite hivyo,

Kurasa zilifika Lubumbashi tarehe 31, Aruna alizikabidhi mwenyewe mikononi mwa profesa. Chini ya kila picha nimeandika: "Imepigwa na Domitille. Lukusa hakuipiga, lakini alisema ni yeye." Jibu la chuo bado. Wanasema Julai, labda Agosti.

Eda iliisha juzi. Nilioga, nikavaa nguo ya kawaida, nikalia kwa ajili ya Baraka. Kwa mara ya kwanza niliweza kulia kwa ajili yake peke yake, bila woga kuchanganyika ndani.

Jana wazee walikuja. Imamu alikaa karibu na baba mkwe, Moussa amevaa kanzu mpya yenye mikunjo ya dukani. Mama Mwamini, mama mkwe, aliniweka kwenye mkeka nyuma yake. Walizungumza juu ya bei ya mafuta ya magari, juu ya Hija, juu ya mimi.

Baba mkwe akasema, "Binti yetu amekubali."

Imamu akauliza, "Amesema?"

"Amenyamaza, imamu. Mwanamke mwenye adabu hunyamaza."

Imamu ni mzee, masikio yake mabovu, nilidhani atapita. Akaweka kikombe chini. "Kunyamaza ni kwa msichana, hadji. Mjane husema kwa mdomo wake. Mjane akinyamaza, hakuna ndoa." Kisha akanigeukia. "Sema, mwanangu. Tunakusikiliza."

Mimi nimesoma miaka kumi na saba, na jambo hilo sikulijua. Miezi minne nilitafuta mtu wa kunisemea, chuo, profesa, mama yako, na kumbe bila neno langu wasingeweza kufanya chochote. Nilimfikiria mama yako nyuma ya pazia. Nilielewa kitu ambacho katika barua yangu ya Mei sikukielewa kabisa: si kwamba hakutaka. Mwili unakataa. Ulimi wangu ulikuwa kama si wangu. Waliendelea kuniangalia, mtoto wa Moussa akalia chumba cha pili, na nilijua kwamba nikichelewa kidogo tu mtu atasema jambo lingine, na wakati utakuwa umepita.

Nikasema, "Sikubali."

Moussa akasema, "Hakusikia swali." Imamu akasema, "Mimi ndiye kiziwi hapa, na nimemsikia."

Hawakupiga kelele. Baba mkwe alitoka nje. Usiku mzima hakuna aliyeniita kwa jina. Asubuhi Mama Mwamini alileta simu yangu, haina chaji, akaiweka juu ya kitanda pamoja na sanduku nililokuja nalo siku ya harusi.

"Utaenda wapi?" akauliza.

"Sijui, mama."

"Basi nenda huko." Lakini alikuwa amekunja nguo zangu vizuri, na ndani yake nimekuta mkate na mayai mawili ya kuchemsha.

Sasa nimekaa juu ya sanduku hilo, nje ya malango, ninakuandikia kwenye goti. Yaya, nisikufiche. Ni saa tano, na nimekaa hapa tangu saa tatu. Nilidhani nikitoka nitakimbia. Nimeshindwa kuvuka barabara. Baada ya miezi minne kila kitu ni kikubwa, malori, jua, sauti. Nikisimama, lori linapita, ninakaa tena. Malango nyuma yangu hayakufungwa kwa ufunguo. Nimeyajaribu. Ningeweza kurudi ndani, na hakuna angesema kitu, na kesho wangeniletea chai.

Kuna kijana wa taksi-moto, pikipiki ya abiria, amevaa koti la manjano, amepita mara tatu. Kila mara anapunguza mwendo. "Mama, tunaenda?" Mara zote tatu nimeangalia chini, akaondoka. Mara ya mwisho alisema, "Huyu mama anangoja ndege."

Sijui kama mtanipokea huko Tenke, nikiwaletea barua hii mwenyewe. Sina namna ya kuuliza, na nikingoja jibu nitakuwa bado nimekaa hapa. Namwona anageuza pale kona. Anakuja tena. Nafunga barua.

Bilkisi